Rambirambi za Mtu Hai

Prudensia hakumuua mama yake kwa makusudi. Alimuua kwa uvivu wa kujibu swali, Jumamosi moja asubuhi, mbele ya darasa zima la Wamarekani wenye vikombe vya kahawa mikononi. Na kama kuna anayedhani kosa la namna hiyo haliwezi kumpata, basi asubiri aulizwe swali asilolitaka mbele za watu.

Ilikuwa mwezi wa tisa, mwaka 2019. Kusini mwa Dallas kuna chuo ambacho watu wazima huenda Jumamosi kujifunza mambo waliyoyakosa ujanani, kuanzia kuchomelea vyuma mpaka kupamba keki. Prudensia alikuwa na miaka arobaini na kitu, mtu wa Bukoba, mkuu wa dawati katika ofisi inayoshughulikia bili za hospitali, mwenye nyumba yake ya matofali Cedar Hill na gari lisilomsumbua. Hakuwa na mume wala mtoto, na Jumamosi zilikuwa zinamlemea. Akajiandikisha somo la sanaa.

Somo lenyewe halikutaka rangi wala patasi. Kila mwanafunzi alitakiwa achague mtu mmoja anayempenda, akusanye vitu vya kawaida vya mtu huyo, vya jikoni, vya chumbani, picha za zamani, kisha avipange mahali pamoja ili vimsimulie bila maneno. Mmoja alileta kofia ya babu yake ya kuvulia samaki. Mwingine alileta mashine ya kunyolea ya kaka yake pamoja na viatu vyake vya kazi. Prudensia alimchagua mama yake, Ma Adelina, kama ambavyo wengi wetu tungefanya.

Akatandika mkeka uliosukwa na mama mwenyewe. Juu yake akaweka kigoda, na kigoda akakifunika kanga iliyofifia. Akapanga kikombe cha bati chenye maua mekundu yaliyobanduka, ambacho mama alimpa siku ya kuondoka ili asidhalilike kwa kunywea vya watu. Akaweka kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwa ganda la mgomba, na kopo la senene, panzi wa kukaangwa ambao mama huwatuma kila mwaka kwa mkono wa msafiri, na ambao Prudensia hakuwahi kuwala kwa kuogopa kuitia nyumba harufu. Katikati, juu ya kigoda, akasimamisha picha ya mama ya rangi nyeusi na nyeupe, akaitia fremu, akaitundikia rozari kwenye pembe. Kisha, kwa kuwa darasa lilikuwa na giza kidogo, akaweka mshumaa. Mmarekani akiona mpangilio kama ule anaona sanaa. Mtanzania akiuona anavua kofia.

Mwalimu, mama wa Kizungu wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, alikizunguka kigoda mara mbili. Kisha akakiinua kikombe, akakigeuza.

"Hizi herufi zilizochongwa huku chini kwa msumari, K na L, ni za nani?"

Prudensia alikuwa amekunywa chai kwenye kikombe kile kwa miaka. Hakuwahi kukigeuza.

"Sijui," akasema.

"Na kusuka mikeka alifundishwa na nani?"

"Sijui."

"Unaweza kumwuliza?"

Swali dogo, la upole, lisilo na hila. Na jibu lake lilikuwepo, tena karibu, maana Ma Adelina alikuwa hai, buheri wa afya, nyumbani kwake Bukoba, na simu yake ya kitochi ikiwa na chaji. Jumatano ya wiki ile ile alikuwa amepiga. Prudensia aliliona jina likiwaka, akaigeuza simu kifudifudi juu ya meza ya ofisi mpaka ilipochoka kuita. Aliyajua mazungumzo yote kabla hayajaanza: migomba imeingiwa na mnyauko, mvua imechelewa, padri amehamishwa, halafu, mwishoni, "Utakuja lini?"

Baba yake alipofariki hakwenda. Karatasi zake zilikuwa bado uhamiaji, na angetoka asingeruhusiwa kurudi. Kwa hilo hakuna aliyemlaumu. Lakini karatasi zilishatoka siku nyingi, na bado hakwenda. Mwaka mmoja lilikuwa paa la nyumba, mwaka uliofuata cheo kipya, mwaka uliofuata masomo. Kila mwaka sababu ilikuwa nzuri, na kila mwaka ilikuwa nyingine. Angejibu kwamba mama yupo, angeulizwa basi kwa nini hakumpigia akamwuliza mwenyewe.

"Siwezi kumwuliza tena," akasema.

Mwalimu akaweka mkono kifuani. "Oh, Prudensia. I'm so sorry." Mtu akapitisha boksi la tishu. Yule aliyeleta mashine ya kunyolea, jibaba la kifua kama kabati, akaja akamkumbatia bila kuomba ruhusa, na Prudensia akajikuta analia kwa kweli begani kwa mtu asiyemjua hata jina. Hapo bado angeweza kusema hapana, jamani, mmenielewa vibaya, mama yangu mzima. Yalikuwa maneno machache tu. Lakini tangu afike Marekani hakuwahi kukumbatiwa hivyo, na akanyamaza.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kazi yake ilichaguliwa kuwa miongoni mwa zile zitakazowekwa maktaba ya mji mwezi mzima wa kumi, watu wapite waone. Mwalimu akaandika kibao: "Adelina wa Bukoba. Kwa kumbukumbu ya upendo." Alimtumia Prudensia kwanza ili apitie kama kuna makosa. Prudensia akapitia. Mwalimu alikuwa ameandika Bukoba kwa herufi c. Prudensia akasahihisha hilo, mengine akayaacha.

Kuanzia siku hiyo usingizi wake uliharibika. Zamani alikuwa haipokei simu ya mama kwa kuogopa swali. Sasa alikuwa haipokei kwa kuogopa sauti yenyewe. Alikwenda maktaba zaidi ya mara moja akikusudia kukibandua kile kibao. Siku moja mkono ulishafika, akakuta mwanamke mzee wa Kimeksiko amesimama pale anajifuta machozi. "Wangu alikufa Machi," yule mama akamwambia, "na mimi nina kikombe chake." Prudensia akaurudisha mkono mfukoni. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba njiani utakutana na watu wema wengi namna ile.

Aliyeimaliza njia hiyo ni Elimringi. Huyu alikuwa Mchaga wa Machame, muuguzi katika nyumba ya wazee, na mwenyekiti wa kamati ya misiba ya Watanzania wa Dallas na Fort Worth, cheo alichodumu nacho kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka. Alikuwa hajawahi kuchelewa msiba wa mtu. Alhamisi moja alimpeleka binti yake maktaba kurudisha vitabu, akapita kwenye ile kona, akauona mkeka, kigoda, kanga, picha, rozari na mshumaa. Akavua kofia. Akasoma kibao, akaliona jina la Prudensia chini yake, na moyo ukamuuma kwamba mwenzao amefiwa na mama mzazi, akaona bora aombolezee kwa Wamarekani kuliko kuwaambia watu wake. Akapiga picha, akaituma kwenye group la WhatsApp la Watanzania wa Texas.

"Ndugu zangu," akaandika, "dada yetu Prudensia amefiwa na mama yake. Ameamua kulia peke yake. Hatutakubali. Jumamosi saa tano asubuhi wote tuwe kwake Cedar Hill."

Hakuna aliyepiga simu kuuliza. Utaanzaje? Mfiwa haulizwi kama ana hakika.

Prudensia hakuuona ujumbe, kwa sababu lile group alilizima sauti tangu watu walipogombania uongozi wa chama. Alijua Ijumaa jioni Kudra alipompigia.

Kudra alikuwa mtu wa Tanga. Walipofika Marekani walipanga pamoja chumba kimoja Alief, Houston, wakalalia godoro moja na kugombania blanketi moja. Sasa alikuwa mhasibu, anakaa Katy, kando ya Houston, na mumewe na watoto, na hawakuonana sana, lakini mtu mliyewahi kulala naye na njaa hawi mgeni.

"Pru, mimi! Mimi nisikie kwenye group?" Kudra alikuwa analia. "Kwa nini hukuniambia, mdogo wangu?"

"Kudra, nisikilize kwanza…" Prudensia akaanza, na sauti ikamkatika. Machozi ya aibu yakamtoka. Upande wa pili yakasikika kama machozi ya mfiwa.

"Usiongee. Nimesha-request off. Kesho alfajiri naingia barabara kuu ya 45, saa nne niko kwako. Lala."

Akakata simu. Prudensia akaandika ujumbe, "Mama yuko hai," akautazama. Mama yake Kudra alikuwa amefariki Tanga mwaka 2017, wiki ile ile Houston ilipojaa maji. Uwanja wa ndege ulifungwa, barabara zikawa mito, na Waislamu hawalazi maiti. Alizikwa siku hiyo hiyo, mwanawe akiwa amekwama ghorofani anatazama magari yakielea. Ujumbe gani wa simu unaweza kumwambia mtu kama huyo kwamba wangu nilimzika kwa mdomo tu? Prudensia akaufuta.

Saa nne kasoro, gari la Kudra likaingia. Sufuria la pilau lilikuwa kiti cha nyuma, limeviringishwa blanketi na kufungwa mkanda kama mtoto. Kudra hakusema salamu. Alimshika Prudensia pale mlangoni, akamshika muda mrefu, na Prudensia akasikia harufu ya udi na jasho la safari, akatamani ardhi ipasuke.

Wakaingia jikoni. Kudra akakamata kisu, akaanza kukata vitunguu vya kachumbari kama mtu aliye kwake.

"Unajua kilichoniuma mimi?" akasema bila kuinua kichwa. "Kifo ni kazi ya Mungu. Kilichoniuma ni kwamba mwezi ule mzima mama alikuwa ananipigia niko kwenye meeting. Namwambia, mama, nitakupigia, I'll call you back. Naye anasema haya mwanangu, fanya kazi. Haya mwanangu, fanya kazi. Mpaka leo nikiwa kwenye meeting simu ikiita, nashtuka."

Prudensia alikuwa ameshika bakuli tupu. Sema sasa, akajiambia. Sema, mwanamke, kabla hajamaliza kitunguu kimoja.

"Kwa hiyo wewe lia, Pru," Kudra akaendelea. "Lia mpaka ukinai. Mimi nilikosa mtu wa kuja kukaa na mimi, maji yalikuwa kila mahali. Wewe mwenyewe ulinitumia message tu. Sikulaumu, barabara hazikupitika. Ila nilisema, akipatwa Pru, mimi nitakuja hata kwa miguu."

Ile message Prudensia aliikumbuka. "Pole mpenzi, tuko pamoja," na picha ya mshumaa. Barabara zilifunguliwa baada ya siku chache. Hakwenda hata zilipofunguliwa.

"Kudra," akasema, "kuna jambo lazima nikwambie."

Kengele ya mlango ikalia.

Msiba wa Kitanzania ukishaingia ndani ya nyumba, mwenye nyumba hana kauli tena. Viatu vilijaa barazani. Wanaume wakayabeba makochi wakayapeleka gereji, wakatandaza mazulia sebuleni. Wanawake wakalitwaa jiko, wakafungua makabati, wakaulizana chumvi iko wapi na kujibiana wenyewe. Prudensia akakalishwa chini ukutani, akafunikwa kanga mabegani, akapewa chai asiyoiomba. Elimringi alikuja na picha ya Ma Adelina, ile aliyoipiga maktaba, ameisafishisha na kuitia fremu kubwa yenye utepe mweusi. Akaisimamisha juu ya meza ya kioo, akaigeuza kidogo ili imtazame mfiwa.

Emérance akaanzisha rozari. Huyu ni Mrundi, anasafisha vyumba hotelini Fort Worth na anasali parokia moja na Prudensia. Alikuwa amezika watu wengi katika kambi ya wakimbizi kabla ya kufika Texas, na alisali kwa sauti ya mtu anayejua anachokiomba.

"Raha ya milele umpe, ee Bwana."

"Na mwanga wa milele umwangazie," watu wakaitikia.

"Apumzike kwa amani."

"Amina."

Prudensia alifungua mdomo na ile amina haikutoka. Yeye ni Mkatoliki tangu tumboni. Kumwombea mtu hai mapumziko ya milele, tena ukiwa umetazamana na picha yake, kwake kulikuwa karibu kabisa na kumroga. Kila amina ya watu ilimwingia mbavuni. Akawa anasali sala yake ya siri, ya haraka haraka: Mungu wangu, usisikilize. Hawa hawajui wanachoomba, usisikilize.

Rozari ilipoisha, Elimringi akasimama, akakohoa kama wenyeviti wote.

"Ndugu zangu, kamati imekaa. Tumeona dada yetu asiishie kulia hapa. Ataenda kumzika mama yake, au kama ameshazikwa, akamlilie kaburini. Tumemwekea nafasi kwenye ndege ya kesho jioni, mpaka Entebbe, halafu kwa barabara mpaka Bukoba." Watu wakaguna kwa kuridhika. Kudra akaubana mkono wa Prudensia. "Sasa, kabla hatujala, tuwape pole wa nyumbani. Bwana Kamugisha wa Houston, mtu wa huko huko Bukoba, amenitafutia namba inayopatikana pale kwao."

Prudensia akainua mkono. "Kaka Elimringi, ngoja. Nipe, nitapiga mwenyewe."

"Mfiwa hapigi simu, dada. U-relax. Hiyo kazi yetu."

Akaiweka simu juu ya meza ya kioo, kando ya picha, akaifungulia sauti. Ikaita. Prudensia akaomba isipokelewe. Huko Bukoba usiku ulikuwa umeshaingia, wakati ambao mama huwa ameshafunga mbuzi na ameketi jikoni, simu iko kwenye kibweta, mbali kidogo. Isipokelewe, akaomba.

"Haloo!"

Mama alikuwa anapiga kelele kwenye simu siku zote, kwa kuamini kuwa Marekani ni mbali na sauti lazima isaidiwe. Watu sebuleni wakanyoosha shingo.

"Shikamoo, mama," Elimringi akasema.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Elimringi, mama. Napiga kutoka Marekani. Hapo ndipo nyumbani kwa kina Prudensia?"

"Ndipo. Kuna nini? Prudensia amepatwa na nini?"

"Hapana, mama, yeye mzima, tuko naye hapa. Tumekusanyika Watanzania wote kumfariji. Tunawapa pole sana kwa msiba wa mama yake, Ma Adelina."

Mbwa akabweka Bukoba, akasikika Cedar Hill.

"Msiba wa Ma Adelina," sauti ikasema.

"Ndiyo, mama. Bwana alitoa, Bwana ametwaa."

"Na huo msiba, ni Prudensia aliyewaambia?"

Elimringi akamtazama Prudensia kwa huruma. "Ndiyo, mama. Ameumia mno."

Prudensia aliinamisha kichwa akingojea radi. Angepigiwa kelele kwamba mimi ndiye Adelina, nani kanizika, angeshukuru. Alistahili, na angalau ingekwisha. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yule kizee hakuhitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Mwanawe yuko katikati ya watu. Mwanawe amesema jambo ambalo likikanwa ataumbuka mbele yao. Mengine yote, akaona, yatangoja.

"Basi tumeshapoa, baba," sauti ikasema, sasa kwa chini. "Asanteni kwa kutukumbuka."

"Na wewe, mama, ni nani wa marehemu?"

"Mimi? Mimi ni jirani. Nimeachiwa simu tu. Prudensia analia?"

Elimringi akageuka. Ndiyo, alikuwa analia, analia mabega yanatikisika, kanga imemdondoka. "Analia sana, mama."

"Mwambieni anyamaze. Atajiumiza kichwa, kichwa kilikuwa kinamsumbua tangu mdogo. Mwambieni marehemu hakumwekea kinyongo. Alikuwa anajua huko kazi ni nyingi."

Wanawake wakaangua kilio upya. Emérance akapiga ishara ya msalaba. Kudra akamvuta Prudensia kifuani na kumnong'oneza, "Umesikia? Umesikia maneno hayo? Mimi sikuachiwa hata neno moja."

"Maneno ya faraja hayo, mama," Elimringi akasema, naye sauti imemlegea. "Na sisi tuna habari ya kuwatia nguvu. Prudensia anakuja. Kesho anapanda ndege, anakuja kumzika mama yake."

"Anakuja?"

Jirani alikuwa amekwisha kutoweka.

"Anakuja huku? Prudensia? Kesho? Baba, usinidanganye, mimi mtu mzima. Anakuja kweli? Atafika usiku au mchana? Nani atampokea, barabara ya kutoka mpakani ina giza! Mwambie asinunue kitu. Asibebe zawadi, asihangaike, aje hivyo hivyo na mikono mitupu. Chumba chake nitakipaka chokaa kesho asubuhi. Ee Mungu wangu, Prudensia anakuja!"

Hakuna aliyewahi kusikia jirani wa marehemu akishangilia mazishi namna ile. Vilio vikakatika kimoja kimoja. Elimringi aliitazama simu kwa kukunja uso, akimtafuta mwenye akili timamu upande wa pili.

Tusimsingizie Prudensia utakatifu. Alilifikiria. Mama alikuwa amemfungulia mlango wa kutorokea, na tiketi ilikuwa mkononi. Angeweza kunyamaza tu, kesho akaondoka, akakaa Bukoba wiki mbili akila ndizi, akarudi amenyoa nywele, na Texas nzima isingejua mpaka kiama. Kizee cha watu kingebaki jirani wa marehemu maisha yake yote yaliyobaki, kikisikia simu kutoka Marekani kinauliza kwanza leo mimi ni nani. Na kingekubali. Hilo ndilo lililomshinda Prudensia, kwamba kingekubali.

Akajitoa mikononi mwa Kudra, akasogea kwa magoti mpaka kwenye meza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," sauti ikajibu, ndogo kabisa. "Prudensia?"

"Ndiye mimi, mama."

Elimringi aliitazama picha, akaitazama simu, akaitazama picha tena. Mtu jikoni akauliza kwa sauti, "Mama yupi?" akanyamazishwa. Emérance akaishusha rozari mapajani. Prudensia hakuweza kumtazama yeyote. Alihisi tu nyuma yake pale Kudra alipokuwa pamekuwa baridi, na akajua Kudra amesimama.

"Hawana kosa, mama," akasema. "Mimi ndiye niliyesema. Niliulizwa habari zako sikuzijua, nikaona aibu, nikasema haupo. Halafu nikaacha wakuombee. Nimekaa hapa wanakuombea."

"Nimejua," mama akasema. "Nimejua toka mwanzo, mwanangu. Wasikupige tu hao watu." Akahema. Simu ya kitochi ilikwaruza. Alipoongea tena hakupiga kelele, ila sebule nzima ilimsikia. "Sasa kwa kuwa sijafa, hauji tena?"

Prudensia akaivuta simu karibu naye. Watu wote walikuwa wanamtazama, na kati yao hakukuwa na hata mmoja aliyecheka. Kudra alikuwa ameshafika mlangoni, mkoba begani, funguo za gari mkononi, safari ndefu ya kurudi Katy mbele yake. Akasimama amewapa wote mgongo.

"Mjibu," akasema bila kugeuka. "Wako anasikia."